Uzi wa Bluu Kutoka Kigoma Hadi Toronto

Siku ya kuniaga mlinipa daftari jipya, nyinyi mliobaki kaunta, mkaniomba niandike yale ambayo kompyuta haiyasemi. Naandika polepole. Nilisoma hadi darasa la saba huko Kalinzi, na kalamu bado huniona mgeni. Habari za mshahara na vyeo nitaziruka, kwa sababu mshahara haukuwa mkubwa na cheo hakikuwepo. Nitaandika habari za tufe lililo juu ya kabati, uzi wa bluu uliomo kwenye droo, na ile alama ya wino ambayo Salma aliniuliza mara mbili nami nikajifanya sikusikia.

Nilikuja ofisini kufagia. Nilikuwa msichana wa maneno machache, nikisalimiwa naangalia sakafu. Siku ya kwanza nilimkuta Mzee Bukuru, aliyekuwa akikata tiketi peke yake, amekaa nyuma ya kaunta na miwani imefungwa kwa waya. Nilisema shikamoo kwa sauti ndogo. Akaitikia, kisha akanisalimia tena kwa Kiha, "Mwakeye," nadhani ili nijue kwamba sijafika nchi ya watu wengine. Akatoka kwenda posta.

Nilitaka arudi aone kazi. Nikafagia, nikapiga deki, nikafuta madirisha, na mwisho nikaliona tufe la dunia limechafuka, lina michoro ya penseli kila mahali. Nikachukua kitambaa na sabuni, nikalisugua mpaka likang'aa.

Mzee Bukuru aliporudi alisimama mlangoni muda mrefu. Ile michoro ilikuwa njia za ndege. Kila safari ngumu aliyowahi kuipanga aliichora pale, na vituo vyake. Hakunigombeza. Aliketi, akalizungusha tufe kwa kidole kimoja, akasema, "Leo hakuna aliyesafiri." Kisha akaniambia kwamba, kwa kuwa mimi ndiye niliyefuta, mimi ndiye nitakayemsaidia kuchora upya. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya tiketi.

Somo la kwanza lilikuwa juu ya ramani ya ukutani. Alinipa rula nipime kutoka Kigoma hadi Toronto. Nikapima, mstari ukapita katikati ya bahari ya Atlantiki. Akasema ndege haipiti huko. Ramani ya ukutani imetandazwa kama chapati, na ukiitandaza dunia hivyo lazima uivute hapa na pale, ndiyo maana nchi za kaskazini zimenenepa bila kula. Akachukua uzi, akaniambia nishike ncha moja Kigoma, yeye akaivuta nyingine hadi Toronto juu ya tufe. Uzi ulipokazwa ulihama wenyewe. Ulipanda jangwani, ukapita karibu na Hispania, ndipo ukavuka bahari.

"Huo ndio mwendo wa ndege," alisema. "Usiuongoze. Ukaze tu, utatafuta njia yake."

Tufe letu lina ukubwa wa kufaa: sentimita moja ya uzi ni kilomita mia nne. Kigoma hadi Toronto ni sentimita thelathini kasoro kidogo, yaani karibu kilomita elfu kumi na mbili. Ndege kubwa hula sentimita mbili na kidogo kwa saa. Kigoma hadi Dar es Salaam ni sentimita mbili na nusu na ushee, lakini ile ni ndege ya pangaboi, nayo huchukua saa mbili na zaidi, tena ikipitia Tabora weka saa nyingine. Siku hizi kompyuta huwapa hesabu hizo kabla hamjamaliza kuuliza. Hata hivyo nawashauri mpime kwa uzi angalau mara moja kwa wiki. Mtu aliyeshika umbali mkononi hujibu kwa adabu zaidi.

Somo la pili lilikuwa la jua. Jioni moja redio ilikuwa ikitoa adhana ya magharibi kutoka Dar es Salaam. Mzee Bukuru aliniita nje. Jua la kwetu lilikuwa bado liko juu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, na Waislamu wa Ujiji walikuwa bado wanatengeneza nyavu na kuuza dagaa. Tukakaa kungoja. Dakika thelathini na nane zilipita ndipo likazama, na msikiti wa jirani ukaadhini. Saa ya ukutani ni moja kwa Dar na Kigoma, alisema, lakini jua halijui habari hiyo. Kama hapa na Dar kuna dakika thelathini na nane, Toronto kuna saa saba, na wakati wa baridi huko husogeza mshale zikawa nane. Nikauliza kwa nini wanausogeza. Akasema hata yeye aliuliza, na waliomjibu hawakukubaliana.

Miaka ikaenda. Nilijifunza kuongea na wateja, ingawa kwa miaka mingi nilikuwa naongea na mikono yao. Namkumbuka mama mmoja wa kambini, mtu wa Burundi, aliyekuwa akienda kuishi kwa mwanawe ng'ambo. Aliniuliza ni mwendo wa siku ngapi. Nikamwambia, ukihesabu na kungoja, ni saa thelathini. Akasema alipokimbia kwao alitembea siku sita na aliambiwa ni siku mbili, kwa hiyo angefunga chakula cha siku tatu. Mimi na Mzee Bukuru tulicheka kidogo, yeye hakucheka. Ndege yake iliharibika njiani, wakakaa kiwanjani siku mbili na nusu. Nasikia watu walikula maharage yake.

Mzee Bukuru alistaafu, akahamia Kidahwe kwenye shamba lake. Tufe, rula na uzi vikabaki kwangu. Uzi ulikuwa umechakaa, na aliyenipa mpya ni Mzee Hamisi, fundi cherehani wa Ujiji. Bintiye Zaina alikuwa amekwenda Kanada kusoma, akaolewa huko huko, katika mji mdogo ulio mbali na Toronto. Kila Mzee Hamisi alipokuja mjini kununua vitambaa alipitia ofisini. Siku moja aliuona uzi wangu, akauvuta, ukakatika. Alirudi wiki iliyofuata na kidonge cha uzi wa bluu, ule wa kushonea magunia.

"Huu hata ukifunga mbuzi," alisema, "mbuzi atakaa."

Tangu siku hiyo alikuwa na mazoea. Aliweka kidole chake Kigoma, mimi nikavuta uzi hadi Toronto, tukaukata mbele yake na kuupima kwa rula. Kisha akauliza, "Binti yangu, uzi haujapungua?" Nami nikajibu, "Bado, baba. Ni ule ule." Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa salamu kutoka kwa mwanawe, akaenda zake. Alifanya hivyo kwa miaka sita au saba. Vipande vile vya uzi nilivihifadhi kwenye bati la chai.

Sasa nafika kwenye kosa.

Ilikuwa Jumatatu, miaka kama kumi iliyopita. Alasiri aliingia Rajabu, mtoto wa kiume wa Mzee Hamisi, hajavaa viatu vya kutembelea mjini. Baba yake alikuwa amefariki alfajiri. Aliniambia akiwa amesimama. Zaina alikuwa amepata tiketi, na alituma ujumbe wa sauti akiwa kwenye basi kuelekea Toronto, simu ikiishiwa chaji. Rajabu alikuwa ameyaandika maneno yake kwenye karatasi asije akayasahau: *Naondoka leo Toronto saa nne usiku. Napitia Addis Ababa.* Baada ya hapo simu yake haikupatikana.

Kwa desturi ya Ujiji maiti hazikwi kwa kuchelewa. Aliyefariki alfajiri huzikwa siku hiyo hiyo. Lakini Mzee Shabani, mdogo wake marehemu, ndiye aliyekuwa msemaji wa familia, na alikuwa ametoa nafasi moja. Kama Zaina anaweza kufika kesho, watamngoja, auone uso wa baba yake. Kama ni zaidi ya kesho, wanazika leo.

"Dada Editha," Rajabu aliniambia, "wameniambia nije kwako. Wewe useme, nikawaambie."

Nilichukua uzi. Toronto hadi Addis, sentimita ishirini na tisa, saa kumi na tatu. Kutoka saa nne usiku, anafika Addis kesho saa tano asubuhi. Ndege ya Dar inaondoka Addis saa sita mchana, inafika saa tisa. Ya Kigoma inaondoka saa kumi na kidogo. Nikarudia hesabu, ikatoka vile vile.

"Kesho saa kumi na mbili na nusu jioni atakuwa uwanjani hapa," nikasema.

Rajabu aliniegemea begani, jambo ambalo wanaume wa kule hawalifanyi, akaondoka. Wakaamua kumngoja hadi baada ya magharibi ya Jumanne. Rajabu akamtumia Zaina ujumbe: *Njoo. Baba hazikwi mpaka ufike.*

Nyinyi mnaosoma huenda mmeshaliona kosa. Mimi, niliyefundishwa kwa adhana na jua, sikuliona. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Tiketi huandika 22:00, na tarakimu hizo siku zote zilinikumbusha kwamba ni saa ya ugenini, nikatafuta ni saa ngapi kwetu. Karatasi ya Rajabu ilisema saa nne usiku, kwa Kiswahili chetu, kwa mwandiko wa Ujiji. Niliisoma kama mtu anayenipa miadi ya nyumbani. Saa nne usiku niliyoiona kichwani ilikuwa ya Kigoma, taa za wavuvi zimewaka ziwani.

Jumanne saa sita na nusu mchana Rajabu alipiga simu. Alisema simu ya Zaina bado imezimwa, labda Addis hakuna mtandao. Nikamwambia atakuwa ameshapanda ya Dar. Nilipokata simu nilitazama nje, jua lilikuwa kali, na sijui kwa nini nikajiuliza wakati Rajabu ananiletea ile karatasi jua la Toronto lilikuwa wapi. Lilikuwa ndiyo kwanza linapanda. Saa nne usiku ya Zaina ilikuwa saa kumi na moja alfajiri yetu, alfajiri ya Jumanne hiyo hiyo. Wakati ule nimeshika simu, yeye alikuwa bado juu ya bahari ya Mediterania. Angefika Addis saa kumi na mbili jioni, ndege ya Dar imeshaondoka. Angelala huko. Kigoma angefika Jumatano jioni.

Nilimpigia Mzee Bukuru Kidahwe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umeshawaambia wenyewe?" akauliza.

"Bado. Nilitaka nimpigie Rajabu, lakini..."

"Usimpigie. Rajabu ataulizwa maswali asiyoyajua. Kata simu, panda bajaji."

Ujiji si mbali, lakini siku ile nilitamani ingekuwa mbali zaidi. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka chini ya turubai, wanawake wako ndani. Mimi ni Mkristo wa Kalinzi, mwanamke, na sijawahi kusimama mbele ya watu zaidi ya wanne. Nilijifunga kanga kichwani, nikaomba kuonana na Mzee Shabani. Nilidhani atasogea pembeni. Hakusogea. Akasema niseme pale pale, kwa kuwa jambo ni la wote.

Nikawapa shikamoo. Nikasema hesabu niliyowapa jana haikuwa sahihi, kosa ni langu, si la Rajabu wala la Zaina. Zaina yumo kwenye ndege, lakini atafika kesho jioni, si leo.

Kisha mzee mmoja aliyekuwa na tasbihi akasema, bila kunitazama, "Hesabu za Kalinzi hizo. Wamezoea kupima kahawa kwa debe." Mmoja wao akaguna. Mimi nilikuwa naitazama mistari ya mkeka.

Mzee Shabani aliuliza, "Na hii ya kesho, tutajuaje kwamba ni kweli?"

"Nimepima kwa uzi, nikapima na jua. Jana sikupima jua."

Alifikiri. Nilimwona Rajabu ameshika kichwa. Kisha Mzee Shabani akasema taratibu, "Ndugu yangu tumemngojesha siku moja kwa neno lako. Siku ya pili hatumngojeshi. Tutamzika baada ya alasiri." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Umefanya vizuri kuja mwenyewe. Ingia kwa wenzako, wakupe maji."

Hayo tu. Ningeona nafuu kama angenifokea.

Walimzika saa kumi na moja kasoro robo. Nilikuwa nimesimama na wanawake mlangoni wakati jeneza linatoka, nikatazama saa yangu. Ni mazoea ya kazi, sikukusudia. Jioni ile Rajabu alimpata Zaina kwenye simu Addis, akamwambia. Mimi nilikuwa nyumbani, sikusikia aliyoyasema, na Rajabu hakunisimulia.

Zaina alifika Jumatano jioni, kwa saa ile ile niliyoitaja mara ya pili. Ijumaa, baada ya hitima, aliingia ofisini. Nilimtambua kwa macho ya baba yake. Nikampa kiti, hakukaa.

"Ni wewe uliyehesabu?"

"Ni mimi."

Alisema kama wangemzika Jumatatu, angelia njiani akafika ameshatulia. "Lakini nilipochaji simu kidogo uwanjani, kabla ya kupanda, nilisoma ujumbe kwamba ananingoja. Nilikuwa nazungumza naye ndani ya ndege, dada. Namwambia usichoke, nakuja. Kumbe nakiambia kiti cha mbele."

Nilimwambia samahani, nikaona neno lenyewe ni jepesi. Yeye akabaki amesimama, akilitazama tufe. Akaliuliza tufe, si mimi: "Walimzika saa ngapi?"

"Saa kumi na moja kasoro robo."

"Saa hiyo mimi nilikuwa wapi?"

Hilo niliweza kulijibu. Nilitoa uzi wa bluu kwenye droo. Nilimwambia hii ni kazi ya baba yake, aliileta mwenyewe. Akashika ncha ya Toronto, mimi nikashika Addis, tukaukaza. Nikahesabu kwa sauti ili aone kila hatua, na safari hii nilianza na jua. Aliondoka saa kumi na moja alfajiri ya kwetu. Hadi saa ya maziko alikuwa ameruka saa kumi na mbili kasoro robo. Ilibaki saa moja na robo afike Addis, yaani chini ya sentimita tatu. Nikarudi nyuma kwenye uzi kwa kiasi hicho, nikaweka ncha ya kalamu. Ilikuwa juu ya Sudani.

Zaina aliinama akapatazama. "Niliona mchanga dirishani," alisema. "Mwekundu. Na mto."

"Ndipo hapo."

Akakaa kwenye kiti. Akauliza, "Na kutoka hapo mpaka kwa baba?"

Nikaukaza uzi kutoka kwenye alama hadi Kigoma, nikaukata, nikauweka kwenye rula. Sentimita tano na nusu. Nikamwambia ni kilomita elfu mbili na mia mbili. Kisha nikafungua bati la chai, nikamwonyesha vile vipande vya miaka yote, kila kimoja sentimita thelathini kasoro kidogo, nikamweleza nani alikuwa akija kuvikata na alikuwa akiuliza nini.

Alikiweka kipande kifupi juu ya kirefu kimojawapo, vikalingana upande mmoja. Alivitazama sana.

"Ulikuwa umepungua," akasema.

"Ulikuwa umepungua sana."

Alivikunja vyote viwili kwenye leso yake, akaniaga kwa kunishika mkono, akaenda. Hajanisamehe kwa maneno, wala sikumwomba tena. Kila mwaka hunitumia salamu za Idi.

Tangu siku ile, mtu akinitajia saa ya safari ya mbali, simwulizi ni saa ngapi tu. Namwuliza kama huko kuna jua au giza, na pembeni ya kila saa nachora duara la jua au mwezi. Mmeyaona makaratasi yangu mkacheka kwamba nachora kama mtoto wa chekechea. Endeleeni kucheka, lakini choreni na nyinyi.

Salma, alama uliyoniuliza ndiyo hiyo, nukta ya wino wa bluu juu ya Sudani. Wino umeanza kufifia. Atakayefagia ofisi mwambieni tufe lisafishwe kwa kitambaa kikavu, bila sabuni, na akifika hapo apite pembeni.